Swali Nililomrudishia

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kata huko Kimuli, wilaya ya Kyerwa. Nilikuwa nimeshafundisha miaka kumi na sita, na cheo pekee nilichowahi kushika kilikuwa zamu ya wiki, ile ambayo kila mwalimu huipata akitaka asitake. Nalitaja hili mapema kwa sababu nikilificha nitaonekana mtu mwema kuliko nilivyokuwa.

Mkuu wa shule alinituma Kayanga kwenye mafunzo ya siku tano. Nilidhani ni yale tuliyoyazoea, ya kukaa kwenye viti vya plastiki, kunywa chai ya saa nne na kurudi nyumbani na kalamu mpya. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja kutoka Bukoba, mwenye sauti ya chini mno hata ikabidi tuache kunong'ona ili tumsikie. Alisema tulichokuja kujifunza kinaitwa ukocha. Tukacheka, maana kwetu kocha ni mtu wa filimbi na mpira. Yeye hakucheka. Alisema kocha anayemzungumzia hamwonyeshi mtu njia. Anamuuliza maswali, ananyamaza, anamwacha aone mwenyewe anataka nini, amesimama wapi, njia zilizopo ni zipi, na kesho asubuhi ataanza na lipi.

"Usimpe ushauri," alisema. "Ukimpa ushauri, uamuzi unakuwa wako. Akikuuliza wewe unaonaje, mrudishie swali lake."

Niliiandika sentensi hiyo nikaipigia mstari.

Alitufundisha pia kukaa kimya baada ya kuuliza, tukihesabu moyoni mpaka kumi, hata kama kimya kinauma. Akatufundisha kipimo cha moja hadi kumi. Mtu anayetaka kubadili jambo maishani mwambie ajipime yuko tayari kiasi gani. Akisema sita, muulize kwa nini hakusema nne. Hapo atakutajia, kwa kinywa chake, sababu zote za kusonga mbele. Ukitaka kuyasikia mashaka yake, muulize kwa nini hakusema nane.

"Ni mtu yuleyule na sita ileile," mama yule alisema, "lakini swali moja linamsukuma na jingine linamshika mkono. Kwa hiyo angalieni mnauliza lipi."

Nilielewa vizuri. Sitaweza kamwe kusema sikuelewa.

Niliporudi Kimuli nilianza na nafsi yangu. Kwa muda mrefu akili yangu ilikuwa imetawanyika. Nilikuwa nafungua daftari la mwanafunzi, kabla sijafika mwisho wa ukurasa nimeshika simu, nikitoka kwenye simu nimekumbuka maandalio ya somo, na jioni inanikuta sijamaliza hata kimoja. Nikajiuliza yale maswali kwa maandishi. Nikaanza kuandika kila asubuhi jambo moja tu kwenye kipande cha karatasi, nikawa namwachia karani wa shule simu mpaka mapumziko. Baada ya wiki tatu rundo la madaftari mezani kwangu lilikuwa limekwisha. Mke wangu aliniambia nimeanza kula kama mtu aliyekuja mezani, si kama mtu anayepita. Nilijiona nimepata kitu.

Walimu wenzangu waliliona hilo. Wa kwanza kunifuata alikuwa madamu wa Baiolojia.

Alikuwa amenizidi kwa kila kitu cha darasani, na mimi nilijua. Alitokea Muleba, ameolewa na mtu wa Murongo aliyekuwa wakala wa mizigo pale mpakani na alikuwa akija nyumbani mwisho wa juma. Yeye na watoto wao wawili walikaa nyumba ya mwalimu, nyuma ya bwalo. Baiolojia alifundisha shule nzima peke yake, na Kemia pia tangu mwalimu wake ahamishwe. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne hivi, akiniita kaka, na wanafunzi walimpenda kwa namna ambayo mimi sikuwahi kupendwa.

"Kaka," aliniambia siku moja tukitoka kwenye kikao, "hayo mambo uliyojifunza Kayanga, unaweza kuyafanya na mimi? Nasimama mbele ya darasa, nasahau nilikuwa nasema nini. Leo nimesimama na chaki mkononi mpaka mtoto mmoja akaniuliza kama naumwa."

Tukakubaliana kukutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, kwenye maabara. Palikuwa mahali pake. Kulikuwa na stuli ndefu za mbao, chupa za dawa zenye vyura na mijusi, na harufu kali iliyokuwa ikinifuata mpaka nyumbani. Alikaa upande wake wa meza, mimi wangu, mlango tukauacha wazi ili watu wasiseme.

Wiki za kwanza nilimsaidia kweli. Nalisema hili si kwa kujitetea, ndivyo ilivyokuwa. Nilimuuliza ni saa ngapi za siku akili yake hutulia, akagundua ni asubuhi kabla ya kengele ya kwanza. Nilimuuliza ni nini kinachomla zaidi, akasema si wanafunzi, ni zile ripoti alizokuwa akiombwa kila mara na kila mtu. Alimwendea mkuu mwenyewe na kuomba ripoti zote ziombwe siku moja ya juma. Mkuu akakubali. Siku chache baadaye nilipita nje ya darasa lake nikamsikia akicheka na kidato cha pili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka uanze.

Lakini maswali yakishafungua mlango hayachagui chumba cha kuishia. Alhamisi moja nilimuuliza, kama tulivyofundishwa, "Kama hakuna kitu kingekuzuia, miaka mitano ijayo ungependa uwe unafanya nini?"

Nilihesabu mpaka kumi, nikapita.

"Miche," alisema.

"Miche?"

"Kitalu cha miche. Kahawa, parachichi, na migomba safi isiyo na ugonjwa. Umeona mnyauko ulivyowafanya watu huku. Mama mkwe wangu amefyeka kibanja chake cha migomba karibu chote, akakaa chini akalia, na mtu wa kumwambia apande nini hakuna. Mimi nalijua jambo hilo, kaka. Nalifundisha ubaoni. Sijawahi kulifanya kwa mikono."

Uso wake ulikuwa umebadilika. Alichukua chaki akachora kitalu kwenye meza ya maabara, hapa kivuli, hapa maji ya kijito, hapa viriba, vile vifuko vya udongo vya kuoteshea. Akafuta kwa kiganja, kama aliyeona haya.

"Ni ndoto tu," alisema.

Nilimuuliza ni nini kingeifanya isiwe ndoto, tukaachana hapo.

Jumatatu iliyofuata mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa haraka, anayezungumza huku akigonga mihuri. Aliniambia makamu wake anastaafu mwisho wa muhula, na kwamba ametakiwa kupendekeza jina halmashauri.

"Nimefikiria wewe, nimefikiria madamu," alisema. "Wewe una miaka mingi. Lakini madamu ana watu. Walimu wanamsikiliza. Nataka nipeleke jina lake. Unaonaje?"

Nilisema anafaa. Nilisema bila kusita, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida.

"Vizuri." Akaandika jina la madamu kwenye karatasi, akaitia kwenye droo. "Usimwambie mpaka barua itoke. Mambo ya halmashauri yanaweza kubadilika, sitaki aje kuvunjika moyo."

Nilitoka nikaenda moja kwa moja darasani, nikafundisha kidato cha tatu mmomonyoko wa udongo dakika themanini. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba nilikuwa najiuliza jambo moja tu: kama madamu hayupo, jina litakalopelekwa ni la nani. Sikujibu. Swali lenyewe lilikuwa limeshajibu.

Mke wangu alikuwa akingoja nipate cheo kwa muda mrefu. Mara mbili kabla ya hapo nafasi ilitokea, na mara mbili alipewa mtu niliyemzidi miaka ya kazi. Mara ya pili ndugu zangu kule Bugene walikuwa wameshaambiwa, mtu akachinja jogoo, na ikabidi nipige simu nyumbani kusema bado. Sikutaka kupiga simu ya aina hiyo tena. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu nilipoingia maabara Jumanne, saa kumi jioni.

Madamu alikuwa ameshafika. Mbele yake kulikuwa na karatasi aliyoandika pande mbili, upande mmoja kubaki, upande mwingine kuondoka. Alikuwa hajalala vizuri.

"Nimezungumza na mume wangu," alisema. "Amesema kama ni uamuzi wangu mwenyewe hana neno. Shamba la kwao lipo, kijito kipo. Lakini kuacha ajira ya serikali, kaka, si mchezo. Ukitoka, kurudi ni shida. Na nyumba hii tunayokaa ni ya shule."

Nikamwomba ajipime moja hadi kumi. Akafikiri.

"Sita."

Mpaka leo nikifumba macho naiona ile sekunde. Kulikuwa na maswali mawili na nilikuwa nayajua yote mawili. Mashaka yake yalikuwa yamejaa upande mmoja wa ile karatasi, na kama ningemuuliza kwa nini hakusema nane, angeyatoa mezani tukayaangalia.

"Kwa nini hukusema nne?" nilimuuliza.

Akaanza kueleza. Alisema amechoka kufundisha kitu asichokigusa. Alisema anataka watoto wake wamwone mama yao akiwa mzima jioni. Alisema hapa shuleni amefika mwisho, kwamba miaka yote aliyofanya kazi hakuna aliyewahi kumwita na kumwambia tunakuona. Kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyozidi kujiamini, kama alivyotuambia mama yule wa Bukoba kwamba ingekuwa. Halafu akasimama, akaniangalia.

"Wewe uko karibu na mkuu," alisema. "Niambie ukweli, kaka. Unaona kuna kitu chochote kinaningoja hapa?"

Kilikuwepo. Kilikuwa kwenye droo ya mkuu, hatua chache kutoka pale tulipokaa. Mkuu aliniambia nisimwambie, hilo ni kweli, na mwezeshaji aliniambia nisimpe mtu ushauri, hilo pia ni kweli. Ningeweza kusema, "Ngoja mpaka mwisho wa muhula." Maneno hayo machache yasingevunja siri ya mtu.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" nilisema.

Kisha nikanyamaza, nikahesabu. Alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni mwangu. Nilikuwa nimefundishwa kuweka uso wa mtu anayesikiliza bila kuhukumu, na niliuweka.

"Naona hakuna," alisema mwishowe. Akakunja ile karatasi.

Barua yake ya kuacha kazi aliiandika wiki ileile. Mkuu alishtuka, akamwita. Baadaye nilisikia alimwuliza kama kuna mtu amemuudhi, akasema hapana, amefikiri tu. Mkuu hakumwambia habari ya jina. Pengine aliona haya kumvuta mtu kwa cheo ambacho hakijathibitishwa, pengine alikuwa na haraka kama kawaida yake. Alifungua droo, akaitoa ile karatasi yenye jina lake, akaandika jina jingine.

Tulimuaga kwa soda na maandazi kwenye bwalo. Wanafunzi wa kidato cha nne walimpa kitenge. Alipopewa nafasi ya kusema alinishukuru mbele ya watu wote, akasema nimemsaidia kujisikiliza mwenyewe. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, nikitazama chini.

Barua yangu ya umakamu ilitoka mwanzoni mwa muhula uliofuata. Ndugu zangu Bugene walichinja, safari hii kweli. Baba yangu mkubwa, ambaye akifurahi huacha Kiswahili na kuzungumza Kinyambo, alisimama akasema mengi kuhusu uvumilivu. Nilikula nikashukuru. Nilipokuwa peke yangu nilijaribu kujisikia furaha, kama mtu anavyopapasa jino kwa ulimi kuona kama bado linauma, na sikuhisi kitu.

Jambo lilitoka nje kwenye kikao cha walimu, miezi michache baadaye. Mkuu alikuwa akituhimiza kujituma. Akasema kwa nia njema kabisa, "Nafasi haziji kwa anayekimbia. Madamu wa Baiolojia, hii nafasi ya makamu ilikuwa yake. Jina lake nilikuwa nimeshaliandika, hata makamu wetu hapa analijua hilo, nilimwambia. Akaondoka kabla ya barua." Aliendelea na ajenda nyingine. Mwalimu wa Hisabati, aliyekuwa rafiki wa madamu, aligeuka akaniangalia. Nilijua kwamba habari ingemfikia madamu kule Murongo, alikohamia, kabla ya mwisho wa juma.

Ilifika. Madamu hakupiga simu. Nilikuwa nimezoea kupata picha zake: viriba vilivyopangwa mistari, miche ya kwanza ya kahawa ikiwa na majani mawili, yeye mwenyewe na kofia ya majani akicheka. Picha zilikoma. Nilimwandikia salamu, akaisoma, hakujibu.

Halafu ikaja mvua ya mawe. Sisi Kimuli ilitugusa kidogo, ikachana migomba ya upande mmoja wa barabara. Kule kwake ilipiga kama nusu saa. Nilisikia kwa karani kwamba kitalu kimelala chini chote. Jumamosi asubuhi nilichukua bodaboda bila kumwambia mke wangu naenda wapi.

Kitalu kilikuwa chini ya nyumba ya mama mkwe wake, karibu na kijito, kama alivyokichora kwenye meza ya maabara. Neti ya kivuli ilikuwa imechanika na kuning'inia kwenye miti. Viriba vilikuwa vimepasuka, udongo umemwagika, na vijiti vya miche vimesimama bila majani. Yeye alikuwa amechuchumaa katikati, anachambua kiriba kimoja kimoja, vizima anaweka kwenye beseni. Vizima vilikuwa vichache.

Aliniona. Hakuinuka.

"Karibu, mwalimu," alisema. Hakuniita kaka.

Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisi. Mdomo wangu ulikuwa umezoea njia moja. "Pole sana. Unajisikiaje?" nilisema.

"Leo usiniulize," alisema bila kuinua sauti. "Leo utaniambia. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Siku moja kabla ya ile Jumanne uliyokuja na karatasi."

Aliweka kiriba chini. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo, akaiacha imening'inia juu ya magoti.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kwa maneno."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilianza na mkuu, kwamba aliniambia nisiseme. Alinisikiliza. Nikaingia kwenye kanuni, kwamba tulifundishwa tusimwelekeze mtu. Hapo alitikisa kichwa polepole, nikaona kwamba nikiendelea nitakuwa namfanyia tena jambo lilelile. Nikaacha. Nikamwambia nilikuwa naitaka ile nafasi. Nikamwambia habari ya nne na nane, kwamba kulikuwa na maswali mawili na nilichagua. Hilo hakulijua. Nikaona linavyomwingia.

Kimya chake kilikuwa kirefu na sikuhesabu. Mama mkwe wake alitoka mlangoni, akatutazama, akarudi ndani.

"Ungeniambia, labda ningebaki," alisema. "Na labda ningebaki nikajuta, nikawa nakutukana wewe kwa kunibakiza. Sijui. Hicho ndicho ulichonichukulia. Sitakuja kujua. Mvua hii si yako, siwezi kukubebesha mvua. Miche nitapanda mingine. Lakini mimi nilikaa mbele yako nikakuonyesha moyo wangu wote, na wewe ukakaa na uso ule."

"Naomba unisamehe."

"Usiniombe leo. Nina kazi."

Nilimuuliza kama naweza kumsaidia kuokota. Alisema hapana, viriba vinahitaji mtu anayejua kipi kimekufa na kipi bado. Nikapanda juu mpaka barabarani. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama tunaenda mpakani au tunarudi, nikamwambia turudi Kimuli.

Jumatatu nilimweleza mkuu wa shule. Nilidhani atakasirika, na nadhani nilitaka akasirike. Alinisikiliza akiwa na muhuri mkononi.

"Angeondoka tu," alisema. "Mtu akishataka kuondoka anaondoka. Na siri ilikuwa yangu, niliyekukataza ni mimi. Usijisumbue, makamu. Tuna mtihani wa moko wa kidato cha nne."

Kwa mke wangu ilikuwa vigumu zaidi. Yeye na madamu walikuwa wakisali jumuiya moja, wakipeana mbegu za mboga. Nilimwambia tukiwa tunamenya ndizi jikoni. Aliendelea kumenya mpaka nikadhani hakusikia.

"Na mimi," alisema hatimaye, "nikikuuliza jambo nawe ukanirudishia swali, huwa unafanya nini?"

Kwa miezi mingi nilikuwa nimeyaleta yale maswali nyumbani, na alikuwa amenisifu kwa kuwa msikivu. Sasa kila nilipomuuliza chochote, hata kama tupike nini, alinitazama kidogo kabla ya kujibu. Hilo halijaisha mpaka leo, ingawa limepungua.

Nilikaa katika umakamu mwaka mmoja na muhula. Kazi niliifanya vizuri, hakuna aliyelalamika. Walimu walinipigia saluti za heshima na hawakuniambia kitu chochote cha maana. Jumanne na Alhamisi hakuna aliyekuja maabara. Nilipoomba uhamisho, niliandika kwamba nataka kuwa karibu na wazazi waliozeeka, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikapelekwa shule moja jirani na Bugene, Karagwe, mwalimu wa kawaida wa Jiografia. Ndugu zangu hawakuelewa. Baba yangu mkubwa alinisalimia kwa Kiswahili.

Madamu aliotesha tena. Habari zake nazipata kwa mke wangu, maana wao wanazungumza. Anasema sasa wako wanawake watano kwenye kitalu, na kwamba siku tatu za juma anafundisha Baiolojia kwenye shule binafsi upande wa kule, kwa sababu miche peke yake haitoshi. Nilipouliza kama ana furaha, mke wangu alisema, "Anachoka." Nilikutana na madamu mara moja Kayanga, kwenye foleni ya stendi. Tulisalimiana. Aliniuliza hali ya wazazi, nikamuuliza hali ya watoto, gari lake likaja.

Ukocha niliuacha. Nilidhani nimeuacha. Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu mmoja wa Kiswahili hapa shuleni, dada mwenye miaka miwili tu kazini, alinikuta chumba cha walimu mchana akasema anataka ushauri. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kufanya kazi na ndugu yake kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, Mwanza. Alikuwa na macho yanayong'aa, ya mtu ambaye nusu yake imeshafika huko.

Sikumrudishia swali. Nilimwambia yote niliyokuwa nayajua: kwamba kurudi serikalini ni vigumu, kwamba mkuu anamthamini na alilisema hilo mbele yangu, kwamba kampuni za ndugu huwa na matatizo yake. Nikamwambia hata faida yangu, kwamba akiondoka vipindi vyake vitaangukia kwetu tuliobaki, na kimojawapo kwangu mimi. Nilitaka asikose kujua chochote. Nilizungumza kwa muda mrefu. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akasema kumbe hakuwa amefikiria mambo hayo.

Alibaki. Kipindi chake cha kwanza kiko darasa la jirani na langu, na ukuta ni mwembamba. Kuna asubuhi namsikia anaanza sentensi, halafu sauti inakatika, kama ya madamu siku zile, na darasa zima linakaa kimya likimngoja. Nami nasimama upande wangu na chaki, nangoja pia, mpaka nimsikie ameendelea.